Siku yangu kwenye maabara ya mafuta, Kigamboni

Saa 11:20 alfajiri niko Magogoni nasubiri pantoni. Upepo unatoka baharini na nje ya mlango wa bandari meli zimewasha taa. Kwa kazi yangu siwezi kuziangalia bila kujiuliza ipi imebeba nini: petroli, dizeli, au mafuta ya taa.

Saa 1:00 nimeshapokea zamu. Watu wakisikia napima mafuta hudhani nashinda nimeshika yale meusi yanayotoka ardhini. Hayo nimeyaona mara chache. Kigamboni palikuwa na kiwanda cha kuyasafisha, TIPER, kilichoanza 1966, lakini kusafisha kulikoma zamani na matangi yake sasa ni ya kuhifadhia. Hata bomba la TAZAMA, lililojengwa 1968 kupeleka mafuta ghafi hadi Ndola, Zambia, tangu 2023 linapitisha dizeli. Ya kwetu huja yameshatenganishwa ng'ambo. Kazi yangu ni kuhakikisha hayajachanganyika tena njiani.

Saa 2:00 napanda tangi kuchukua sampuli: juu, katikati, chini. Kopo ni la shaba, maana shaba haitoi cheche ikigonga chuma. Kamba ni ya pamba. Ya nailoni ingekuwa imara zaidi, lakini nailoni ikisuguana na glavu hujikusanyia umeme tuli, na juu ya mdomo wa tangi la petroli cheche moja inatosha. Glavu nazo zina kisa chake. Siku zangu za kwanza niliwahi kuvaa za mpira wa asili. Petroli ilipozigusa zilivimba na kulegea kama ngozi iliyolowekwa. Mpira wa asili ni polima, yaani mnyororo mrefu sana wa molekuli, ya haidrokaboni tupu: kaboni na haidrojeni peke yake. Petroli nayo ni haidrokaboni, kwa hiyo zinapokeana. Za naitraili, mpira wa kutengenezwa kiwandani, zina nitrojeni inayoning'inia pembeni mwa mnyororo wake, petroli haiingii kirahisi. Tangu hapo sivai nyingine.

Saa 4:00 ndiyo saa ninayoipenda. Tunaye mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, binti wa mwaka wa pili, na leo anakeneka petroli mwenyewe kwa mara ya kwanza, yaani anaichemsha na kuupoza mvuke urudi kuwa matone. Mililita 100 kwenye chupa ya kuchemshia, kipimajoto shingoni, bomba linalopita kwenye maji ya barafu, silinda upande wa pili. Tunasubiri. Kwenye nyuzi 37 tone la kwanza linaning'inia mdomoni mwa bomba, linanenepa, linaanguka.

"Dada, mbona limeanza mapema hivyo? Si oktani inachemka nyuzi 126?"

Swali zuri, nikavuta kiti. Petroli si oktani, ile yenye kaboni nane, peke yake. Ni mchanganyiko wa mamia ya molekuli, nyingi zenye kaboni 5 hadi 12. Kaboni ina mikono minne. Inashika kaboni wenzake, mikono inayobaki inashika haidrojeni. Pentani, kaboni tano, inachemka kwenye nyuzi 36. Heksani 69. Heptani 98. Dekani, kaboni kumi, 174. Mnyororo ukirefuka, molekuli mbili zinalala ubavu kwa ubavu na kugusana mahali pengi zaidi, kila mguso unavuta kidogo, na ule uvutano mdogo ukijumlishwa unakuwa kazi kubwa kuuvunja. Ndiyo maana gesi ya jikoni, yenye kaboni tatu na nne, ukifungua koki inatoka mvuke, na lami ya barabarani, yenye makumi ya kaboni, haitiririki mpaka uipashe moto. Vyote vimetoka pipa moja.

Akauliza plastiki inaingia wapi, nikamwonyesha dumu la maji lililoko kona. Kiwandani minyororo mirefu hukatwakatwa kwa joto kali, na katika vipande kuna ethini: kaboni mbili zilizoshikana mikono miwili kwa miwili. Shikano moja likiachia, kila kaboni inabaki na mkono mtupu na kumshika jirani, jirani naye hivyo hivyo, mpaka maelfu. Hiyo ndiyo polithini. Mwaka 1933 wakemia wa kampuni ya kemikali ya ICI huko Uingereza waliikuta kama nta nyeupe ndani ya chombo cha shinikizo kubwa. Walikuwa wanatafuta kitu kingine. Binti akaliinua dumu, akalitazama kwenye mwanga, akalirudisha taratibu.

Saa 7:00 wali maharage. Saa 8:00 dizeli, densiti, makaratasi.

Saa 9:10 limekuja jambo lililonikalia rohoni mpaka sasa. Lori la mafuta ya taa linaloelekea bara limeshapakia, na kabla ya geti tunachukua sampuli ya kila chumba cha tangi lake. Cha kwanza na cha pili vizuri. Cha tatu naipoza sampuli kwenye barafu, naipasha polepole, nyuzi moja kwa dakika, na kila nusu nyuzi nashusha kijimoto kwenye kikombe, nikitafuta joto ambalo mvuke wake unaanza kudaka moto. Kwenye 27 mwale wa buluu ukaruka juu ya mafuta na kuzimika. Sampuli ya tangini, kabla ya kupakiwa, ilidaka moto kwenye 43. Mafuta ya ndege ya Jet A-1, ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, hayaruhusiwi kushuka chini ya 38.

Nikarudia. 27 tena. Nikatoka nje.

"Shikamoo mzee. Jana chumba cha tatu kilibeba nini?"

"Marahaba mwanangu. Petroli. Lakini tulikikausha."

Hakikukauka. Ilibaki chini, pengine ndoo chache katika maelfu ya lita, na ndoo chache zinatosha. Mchana wa leo ndani ya maabara ni nyuzi 31. Maana yake mafuta hayo yalikuwa yanatoa mvuke wa kudaka moto pale pale yalipo, bila kupashwa. Kijijini mtu angeyatia kwenye kibatari, au mama angejazia jiko la mchina likiwa bado la moto, watoto wamekaa pembeni. Nimeona makovu ya namna hiyo kwa jirani yetu, na sitaki kusaini karatasi inayoyapeleka kwa mtu mwingine.

Mzee hakubisha. Alivua kofia, akaniambia na yeye kwake wanatumia kibatari.

Chumba kimemwagwa, kimesuuzwa, kimekaguliwa kwa tochi, kimepakiwa upya. Saa 12:05 jioni nimepima: 42.5. Nimesaini. Chupa ya ile sampuli iliyofeli nimeiandika tarehe na namba ya chumba, nikaifungia kabatini, kisha nikaenda kunawa mikono.