Mwembe mmoja, mabamba mawili

Jumapili, usiku

Kwa muda sasa nachapa picha za mwembe uleule kwa njia mbili: linokati, yaani kuchonga bamba laini la lino kwa patasi, na draipointi, yaani kukwaruza bamba kwa sindano. Mti wenyewe uko nyuma ya nyumba tunayopanga, wala hauna ajabu yoyote. Nimeuchagua kwa sababu ya majani. Majani ya mwembe yakikusanyika ni kivuli kizito, lakini ukisogea karibu kila jani lina umbo lake, na hapo ndipo hizi njia mbili zinapoachana.

Kwenye lino, wino hushika pale ambapo patasi haikugusa. Unapita na rola juu, panapobaki pameinuka panakuwa peusi, ulipochimba panabaki weupe wa karatasi. Maana yake kila unapokata unaongeza mwanga, na ukiliacha bamba bila kulikata kabisa utachapa usiku mtupu. Draipointi ni kinyume. Unakwaruza bamba la shaba au plastiki kwa sindano, unapaka wino kote, kisha unaufuta juu juu ili ubaki ndani ya mikwaruzo. Hapo kila mkwaruzo ni giza. Kwa hiyo nikishika patasi najiuliza jua linaingilia wapi, na nikishika sindano najiuliza kivuli kinaanzia wapi. Mti ni uleule, ila picha zinazotoka hazifanani hata kidogo.

Majani ya lino yalinisumbua sana. Lino haina kijivu. Ukitaka kivuli cha katikati lazima ulidanganye jicho kwa mistari: myembamba na ya karibu karibu huku, mipana na ya mbali kule, mpaka uso wa karatasi upate mdundo. Kilichonisaidia ni kurudi kuangalia picha za John Muafangejo. Alizaliwa Angola mwaka 1943, akaishi Namibia, akasoma uchapaji Rorke's Drift kule Natal, Afrika Kusini, na alifariki mwaka 1987. Linokati zake nyingi ni nyeusi na nyeupe tu. Tazama anavyoivalisha nafasi: nguo ina mistari yake, ardhi ina nukta zake, mnyama ana alama zake nyingine. Watu wake hawana vivuli vya usoni vya kuwapa unene, na bado unajua nani yuko wapi, kwa sababu kila eneo lina mguso wake. Tena anachonga na maneno ndani ya picha, na ukumbuke kwamba kwenye bamba kila herufi inachongwa kinyumenyume ili isomeke kwenye karatasi. Huo uvumilivu mimi sina.

Nikaacha kuchonga jani mojamoja. Sasa nina makundi matatu ya majani, kila kundi na mkato wake, na kati yao ukanda mweusi ambao haujaguswa. Mwembe umesimama. Pia nimeona kwamba weusi na weupe vikigawana karatasi nusu kwa nusu, jicho halijui pa kutua. Lazima kimoja kitawale. Kwangu umetawala weusi, na shina ndilo limepewa mwanga.

Lino yenyewe naipenda kwa tabia yake. Mwingereza Frederick Walton aliibuni miaka ya 1860 kwa ajili ya kufunika sakafu, kwa mafuta ya kitani, utomvu na unga wa koki juu ya kitambaa cha juti. Haina nyuzi kama mbao, kwa hiyo patasi inakwenda utakako, mviringo au mnyoofu. Ikiwa ngumu unaianika juani kidogo inalainika, na jua hapa halinunuliwi. Mashine si lazima: mgongo wa kijiko cha mbao unatosha kusugulia karatasi. Ile mistari midogo inayobaki imeinuka kwenye sehemu ulizochimba, ikashika wino bila kuitwa, wengine huisafisha yote. Mimi naibakiza pale inapofuata mwelekeo wa kitu, kama upepo kuzunguka matawi. Inapopita ovyo naiondoa, maana inakuwa kelele tu.

Draipointi sasa. Shaba ni ghali, kwa hiyo mazoezi nayafanyia kwenye boksi la maziwa lililokunjuliwa, ule upande wa ndani unaong'aa. Utamu wote uko kwenye ukingo mdogo mkali unaoinuka kando ya mkwaruzo, kama udongo kando ya mtaro uliochimbwa. Ukingo huo hushika wino zaidi ya mfereji wenyewe, ndiyo maana mstari wa draipointi unatoka na manyoya, laini kama mahameli. Ukiisimamisha sindano wima, ukingo unainuka pande zote mbili. Ukiilaza, unainuka upande mmoja na mstari unapata kivuli chake. Kisha kuna kufuta: ukiacha utando mwembamba wa wino juu ya bamba, unapata kijivu ambacho hukukichora. Karatasi lazima iloweshwe, na hapa kijiko hakifui dafu. Inatakiwa mashine ya kubana.

Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, aliujua ukingo ule kuliko mtu yeyote. *Misalaba Mitatu* ya mwaka 1653, picha ya kusulubiwa kwa Yesu, aliikwaruza yote kwa draipointi, na nakala kadhaa za mwanzo alizichapa kwenye ngozi laini badala ya karatasi, wino ukatanda. Shaba ilipoanza kuchoka hakulitupa bamba. Alilirudia, akafuta watu na kubadilisha wengine, akashusha mistari mirefu mizito juu ya umati mpaka nusu ya tukio ikamezwa na giza. Ni mstari uleule wa sindano, lakini safari hii unafanya kazi ya toni, yaani viwango vya mwanga na giza, na toni ndiyo inayosimulia. Nadhani hakuna somo la mwanga na kivuli linaloishinda picha ile.

Kuchoka kwa bamba ndiko kunakonipa shida na wateja. Lino inavumilia nakala nyingi bila kubadilika. Ukingo wa draipointi unalala kidogo kila unapofutwa na kubanwa, hata kwenye shaba, na kwenye boksi la maziwa ndiyo kabisa. Jana dada mmoja aliyekuja kununua alizipanga nakala za mwembe mezani akaniuliza mbona hizi za mwisho zimepauka na bei ni ileile. Nikamweleza habari ya ukingo. Akasema basi punguza. Sikupunguza, kwa sababu zile zilizopauka zinaonyesha mifupa ya mti vizuri zaidi, matawi yanaonekana. Akachukua nyeusi.