Siku moja ya karani: faili la mtoto na alama moja iliyopotea

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko steji ya Kondele, ndala miguuni, viatu vya ofisi mfukoni. Mvua ya usiku imeacha matope. Mimi ni karani wa wakili hapa Kisumu. Tunakula kwa kesi za mashamba na mirathi. Faili la kuasili mtoto huja mara mojamoja, na likija hulifungua kabla ya chai.

Saa mbili. Karatasi za wazazi zimejaa: vitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vya tabia njema, ripoti za daktari, ripoti ya waliokwenda kukagua nyumba. Za mtoto ni nne. Barua ya polisi yenye nambari ya OB, kile kitabu chao cha matukio: mvulana mchanga, amepatikana saa saba mchana. Amri ya kumpeleka makao ya watoto. Barua ya pili ya polisi, kwamba miezi sita imepita na hakuna aliyejitokeza. Cheti kwamba yuko huru kuasiliwa. Mwaka mmoja na nusu duniani, karatasi nne.

Saa nne wenyewe wanafika. Mke ni mwalimu wa msingi, mume fundi wa pikipiki. Umri hauna shida: sheria inataka mwombaji awe na miaka 25 au zaidi, amzidi mtoto kwa miaka 21, na asiwe amepita 65. Shida ni ile miezi mitatu ambayo mtoto lazima awe ameishi nao mfululizo kabla ya ombi kuwasilishwa. Mume anahesabu tangu siku walipomwona kwa mara ya kwanza. Mimi nahesabu tangu alipolala kwao.

"Tarehe tisa," mwalimu anasema bila kufikiri. "Alilia mpaka saa tisa usiku."

Basi bado siku nne.

Kisha naona jina la mwalimu. Kitambulisho kinasema Achieng, cheti cha ndoa kinasema Achieng'. Itabidi aape kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

"Si kialama tu hicho, ndugu yangu?" mume anauliza.

Kialama tu! Mwondolee ng'ombe kialama chake uone kama atabaki ng'ombe. Lakini simlaumu. Anasema mamake nyumbani anawashangaa: yeye alilea watoto watatu wa dada zake bila muhuri wa mtu yeyote. Ni kweli, na aliwalea vizuri. Ila mimi hushinda na mafaili ya mirathi. Nimemwona kijana aliyelelewa tangu utotoni akiulizwa mbele ya kaburi la baba yake, "Wewe ni nani hapa?" Amri ya kuasili humfanya mtoto awe kama aliyezaliwa ndani ya ndoa hiyo, urithi na vyote. Namweleza hivyo. Ananyamaza, anaivuta kalamu.

Saa saba, ugali na omena kibandani. Dakika kumi na tano.

Saa nane kwa kamishna wa viapo. Fundi alikuwa ameshatia sahihi hati yake nyumbani, kwa nia njema. Hati ya kiapo hutiwa sahihi mbele ya anayekuapisha, kwa hiyo nachapisha upya. Stima inapotea katikati ya ukurasa wa sita. Tunakaa gizani nusu saa tukizungumzia bei ya spea.

Saa kumi na moja nafunga faili. Juu naandika herufi za kwanza tu, maana kesi hizi husikizwa faraghani na makarani wana midomo. Nafasi ya jina jipya la mtoto bado iko wazi. Nikiwa mlangoni simu inalia, ni mwalimu.

"Hatujui alizaliwa saa ngapi," anasema, "lakini alipatikana jua likiwaka. Kwetu Wajaluo mvulana wa jua ni Ochieng'. Andika hilo. Na ile alama usiisahau."