Gari-nyumba la Ujerumani, Hiace ya mjomba Tanga

Kule Ujerumani tuna gari-nyumba. Likizo zikifika tunazunguka nalo kuwatembelea ndugu, dada yangu Rotterdam, binamu zangu Munich. Tunalipenda kwa sababu halimsumbui mwenyeji: unaegesha nje, unaingia kula na kupiga soga, usiku unarudi kitandani kwako.

Mwaka huu tulipokuja nyumbani Tanga nikataka watoto waujue ukoo kwa mtindo huohuo. Mjomba wa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, akanipa Hiace yake. Tukang'oa safu ya nyuma ya viti, tukatandika godoro, tukapakia jiko la mtungi, madumu ya maji na chandarua. Akasema naye anakuja. Ameendesha malori ya mkonge tangu ujana wake, na njia ya Lushoto anaijua kona kwa kona.

Siku ya safari, kabla ya chai, aliniita nifungue boneti. Oili, maji ya rejeta injini ikiwa baridi, mkanda wa feni, maji ya betri, kisha akachuchumaa kutazama chini ya gari kama kuna tone. Hazikufika dakika kumi. Ujerumani gari kama letu hukaguliwa kila baada ya miaka miwili na kubandikwa stika, nami miaka yote niliitegemea stika hiyo.

"Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana, "karatasi inakwambia gari lilikuwaje siku ile. Leo litazame mwenyewe."

Na mimi nilikuwa na langu. Tairi lake la akiba lilikuwa na kashata nzima, yaani meno yanayoshika barabara, halijaguswa. Nikamwonyesha tarakimu nne za mwisho ubavuni: 1909, yaani wiki ya 19 ya mwaka 2009. Magari-nyumba husimama muda mrefu, kwa hiyo matairi yake huzeeka kabla ya kulika, na wenye magari hayo hujifunza mapema kusoma namba hizo. Mjomba akazisoma mara mbili. Tukanunua jingine.

Muheza, shangazi alitupokea kwa vigelegele mpaka aliposikia tutalala garini. Akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo amenikosea nini. "Waja leo waondoka leo, hata usiku mmoja kwangu hutaki?" Sikuwa na jibu. Heshima niliyoizoea ughaibuni, ya kutomlemea mtu, kwake ilikuwa kumfungia mlango. Tukalala ndani, wanangu wamebanana na binamu zao kwenye mkeka mmoja, na tangu usiku ule godoro la garini halikulaliwa tena kwa ndugu yeyote.

Asubuhi akatupakilia gunia la machungwa na mkungu wa ndizi. Mjomba alishukuru, kisha akatoa kipimo na kuongeza upepo matairi ya nyuma, kwa sababu mzigo umebadilika.

Lushoto tulikaa siku mbili. Wakati wa kushuka kuelekea Mombo nilishika usukani mimi. Kona baada ya kona mguu wangu ulikuwa juu ya breki, na tulipoipita Soni nikasikia harufu ya kuungua. Pedali ikawa laini, ikazama. Nyuma watoto walikuwa wanakula plamu na kuimba.

"Ingiza gia ya pili," mjomba akasema taratibu. "Iache injini ilishike gari."

Lilishikwa. Tukaegesha pembeni zaidi ya nusu saa, bila kumwagia maji, kwani chuma cha moto kikipata maji ya ghafla huweza kupasuka. Akanieleza kuwa oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na Tanga unyevu haukosekani. Breki zikichemka, maji yale hugeuka mvuke, na mvuke hukandamizika. Ndiyo maana pedali inazama. Tulipoulizana ilibadilishwa lini, hakuna aliyekumbuka. Fundi wa Mombo aliimwaga ikiwa nyeusi kama kahawa. Mpya huwa na rangi ya mafuta ya kula.

Usiku ule nilimwandikia fundi wetu wa Ujerumani kumuuliza oili ya breki ya gari-nyumba ina umri gani. Desemba tunavuka milima ya Austria na lile gari lina tani tatu na nusu.

Pangani tulipita kwa siku moja tu. Kurudi Ngamiani mjomba akaosha chini ya gari kwa maji baridi kuondoa chumvi ya bahari. Kesho yake nilipoamka nilimkuta mwanangu wa kwanza amechuchumaa peke yake kando ya Hiace, shavu karibu na mchanga, anatafuta tone.