Nilivyompata mama wa filamu yangu kwa sikio

Filamu yangu ni ya Kiswahili, ya dakika 13: chumba kimoja cha Nsambya, hapa Kampala, watu watatu. Mzee aliyestaafu jeshi amepotewa na kumbukumbu, na kila alfajiri anaketi ukingoni mwa kitanda akidai viatu vyake kwa sababu anaamini kuna gwaride. Mkewe anamvalisha, anamfunga kamba za viatu, anamwambia gwaride limeahirishwa, kisha anamletea chai. Mjukuu anatazama. Basi. Nilijua tangu mwanzo kwamba nikikosea kumchagua huyo mke, sina filamu.

Nilimtafuta miezi minne. Naandika haya kwa uchungu kidogo, maana karibu ushauri wote niliopewa ulinipoteza, na nasikia vijana wa hapa Kampala bado wanapewa uleule.

Wa kwanza aliniambia nichukue mchekeshaji mwenye jina. Nilikataa papo hapo: mtazamaji akishaona ile sura, anaanza kucheka kabla mzee hajaguswa mguu. Wa pili akaniambia nitoe tangazo, nikusanye watu siku moja, nichague. Huyo nilimsikiliza.

Nilikodi ukumbi mdogo, si mbali na Jumba la Maonyesho la Taifa, nikabandika tangazo na kulisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Jumamosi saa mbili asubuhi watu themanini na kitu walikuwa kwenye foleni, na mvua ilikuwa imeshawanyeshea. Kila mmoja nilimpa kurasa mbili na saa moja ya kuzisoma. Hilo lilikuwa kosa kubwa. Wengi hawakuzungumza Kiswahili nyumbani, kwa hiyo walikariri yale maneno kama wimbo wa lugha ya kigeni, macho juu, vidole vikihesabu mistari. Mstari wa kwanza ulikuwa "Amka mzee, kumekucha." Niliusikia mara themanini, na mara sabini hivi ulitoka kama amri ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Dada mmoja mpole, aliyekuwa amenisalimia kwa Kiluganda kwa sauti ya chini kabisa, alipoanza kusema Kiswahili alikaza shingo, akatoa kifua na kunifokea.

Sikuwalaumu hata kidogo. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la mkoloni, kikabaki kwenye kambi baada ya uhuru, na Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, watu wengi walikuwa wanakisikia kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini makoo ya watu hayaendeshwi na maazimio. Kampala ukimwambia mtu "igiza kwa Kiswahili", koo lake linakumbuka kizuizi. Mimi nilitaka Kiswahili cha mke anayemfunga mumewe kamba za viatu.

Jioni, baada ya mtu wa themanini na kitu, nilimuuliza kijana mmoja kwa nini amekasirika. Akasema ametoka Kawempe kwa miguu na amelipia fomu shilingi elfu kumi za Uganda. Fomu gani? Kulikuwa na mtu amesimama nje ya geti, hata simjui, anauza "fomu za usaili" kwa jina la filamu yangu. Nilitoka mbio lakini alishaondoka. Wale walioniambia wamelipa niliwarudishia kutoka mfukoni mwangu, na fedha ya taa ikaishia pale. Usaili haulipiwi. Ukisikia popote mtu anadai hela ya fomu, au anamwita binti hotelini usiku "kusoma uhusika", huyo si mtu wa filamu, na mwambie binti asiende. Tangu siku ile usaili wangu ni wa mchana, mlango wazi, dada yangu yumo ndani, na kila aliyeitwa anapewa nauli hata kama hakufaa.

Nilikaa wiki mbili bila kugusa kitu. Kilichonizindua ni shangazi yangu wa Busia, mpakani na Kenya. Alinitumia ujumbe wa sauti kunijulia hali, na nikiwa kwenye boda, sikio moja likiwa chini ya helmeti, nikajikuta nimemjua amechoka kabla hajasema amechoka. Nikajiuliza kwa nini nawaangalia watu sura wakati kinachonisumbua ni sauti.

Nikaandika tangazo jipya: "Usitume picha. Tuma sauti ya dakika moja. Mwamshe mtu unayempenda ambaye hataki kuamka. Usiigize, amsha tu." Sikulipeleka kwenye makundi ya waigizaji. Nililipeleka mahali Kiswahili kinapokula na kulala: kwaya za Wakongomani wa Katwe na Nsambya, akina mama wanaoleta bidhaa kutoka Busia, wake wa askari, wazee wa Kinubi, uzao wa askari wa zamani kutoka Sudan, wenye jamaa mji wa Bombo. Binti wa kaka yangu alipokea sauti zote, akazipa namba, akanifichia majina na picha za wasifu. Zilikuja sitini na zaidi. Nilizisikiliza nikitembea, sikuketi nazo mezani, kwa sababu sauti inayokufanya usimame katikati ya njia haihitaji kujadiliwa.

Namba 41 ilinisimamisha. Kwanza sufuria inawekwa chini. Halafu kikohozi kidogo. Halafu: "Mzee. Mzee wangu. Jua iko juu." Kisha kimya, sekunde sita hivi, nikadhani ujumbe umekatika. Haukukatika. Alikuwa anangoja jibu la mtu ambaye hayupo. Wengine wote walijaza dakika yao kwa maneno.

Ni mama wa miaka hamsini na kitu, anakaanga chapati Naguru, hajawahi kusimama mbele ya kamera. Alikulia kambini Jinja. Baba yake alikuwa askari kutoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mama yake mtu wa kabila la Teso la mashariki, na kwa kuwa hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja, watoto walibembelezwa, wakagombezwa na kuombewa kwa Kiswahili. Nilipomwomba aje alicheka: "Mwanangu, mimi si mtu ya filamu." Nikamwambia Mama, wewe njoo tu umfunge mtu viatu.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna aliyenishauri. Mara ya kwanza nilimwacha afanye anavyotaka. Mara ya pili nikamnong'oneza: hukulala usiku kucha, lakini yeye asijue. Hiyo mara ya pili ndiyo usaili wenyewe. Wapo waliofanya vizuri ajabu mara ya kwanza, na ya pili wakarudia vilevile, au wakapiga miayo na kujishika kichwa. Huwezi kumwongoza mtu wa namna hiyo siku ya kupiga picha, jua likiwa linazama. Yule mama hakubadilisha uso. Alivuta kamba ikakaza mno, mguu wa mwenzake ukashtuka, naye akaingiza kidole chini ya fundo akalilegeza taratibu, kama anayeomba radhi. Sikumfundisha mimi.

Mume nilimpata kwa njia ngumu zaidi, maana nilikuwa nimeshamkataa. Ni mwigizaji wa jukwaani wa miaka mingi, wa kizazi kilichozoea kufikisha sauti kwa mtu wa kiti cha mwisho bila kipaza sauti. Kwenye chumba changu alijaa mpaka darini. Dada yangu ndiye aliyesema tusimpime peke yake. Basi nikawaketisha wawili kwenye mkeka, ungo wa karanga katikati, bakuli moja kila mmoja, nikawaomba wamenye dakika kumi bila kusema neno. Walijua simu inawarekodi kutoka dirishani. Dakika tano za mwanzo mzee alikuwa "anamenya karanga", unaelewa, kwa mabega na nyusi. Yule mama alikuwa anamenya karanga. Kadiri muda ulivyokwenda mabega ya mzee yakashuka, na kuelekea mwisho nikaona karanga zake zinaingia kwenye bakuli la mama badala ya lake. Hawakutazamana. Nikajua wameshaoana.

Kwa hiyo wanaodai waigizaji wa jukwaani hawafai filamu, siwaungi mkono. Wanahitaji tu mtu wa kuwatuliza mbele yao. Na wanaodai lazima aliyesomea, wakumbuke kwamba mwongozaji Mira Nair alimpa Madina Nalwanga, binti ambaye hakuwahi kuigiza filamu, uhusika mkuu katika filamu ya mwaka 2016 kuhusu msichana mcheza sataranji wa Katwe. Dunia nzima ilimwona.

Mtoto sikumsaili kwa maneno. Nilimpa kazi ya kutoa kamba kwenye viatu na kuzirudisha, nikamchagua yule aliyesahau kwamba mimi nipo. Mzazi wake alikuwapo kila saa ya kazi, na tulipiga picha wakati wa likizo ili asikose shule.

Ushauri wa mwisho, na ulioniuma zaidi, ulitoka kwa mwalimu mmoja aliyesikia mazoezi: nimsahihishe mama Kiswahili chake, filamu isije ikatutia aibu Tanzania. Anasema "Mzee, leta muguu. Hapana hiyo, ile ingine." Nilimjibu kwa heshima kwamba hicho ndicho Kiswahili alicholelewa nacho, na nikikisahihisha nitabaki na mwanamke anayesoma. Nikayafuta maneno yangu kwenye skripti, nikaandika yake.

Malipo hayakuwa makubwa. Kila mmoja alipata laki moja na nusu hivi kwa siku, siku tatu, pamoja na nauli, chai na chakula. Tuliyaandika kwenye karatasi pamoja na filamu itaonyeshwa wapi, tukaisoma kwa sauti, tukasaini pande zote. Mama aliiomba isomwe mara mbili. Kisha akauliza kama anaweza kulipwa kila jioni badala ya mwisho, kwa sababu siku tatu bila kukaanga chapati ni siku tatu bila unga wa siku ya nne. Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilimlipa kila jioni, na siku ya tatu alikuja na chapati za watu wote.