Figo yangu, tumbo la kaka

Leo nimempeleka kaka kliniki. Mwaka wa pili huu tangu nimpe figo yangu ya kushoto.

Nikamuuliza daktari: sisi baba mmoja mama mmoja, mbona bado anameza dawa za kushusha kinga?

Akacheka. Ni kwa pacha wa kufanana tu ndipo mwili haubishi, kama wale wa Boston mwaka 1954, mmoja alipompa mwenzake figo.

Akanieleza seli za kinga ziitwazo NK, "wauaji wa asili". Zinapita zikikagua kila seli. Isiyo na alama ya mwenyeji, imekwisha. Lakini (hapa nilikaa vizuri) kwa panya wa maabara, seli hizohizo zimesaidia mwili kukizoea kiungo kigeni, kwa kuua seli za mtoaji zinazochochea ugomvi.

Wauaji wanaleta suluhu! Wallahi sikutegemea.

Tukarudi na feri ya Likoni, msongamano wa jioni.

Kaka kaweka kiganja chini ya tumbo upande wa kulia, pale ilipo. Kila akisukumwa, anaikinga.

Hasemi kitu. Nami nikageuka kutazama maji.

Nyie wenye mgonjwa wa figo, dawa ya saa mbili mnaikumbukaje? Sisi tuna kengele tatu, na mbili tunazizima.