Matuta ya Rongai Yalivyonichagulia Pikipiki

Kwa miaka miwili nilitoka Ongata Rongai kwenda kazini mjini Nairobi kwa Bajaj Boxer ya cc 150, pikipiki isiyojua kulalamika wala kumpa mtu kiburi. Nilipoamua kuhamia pikipiki ya michezo, yaani ile iliyovikwa plastiki ya kukata upepo na ambayo usukani wake humwinamisha mwendeshaji mbele, sikutaka kurukia cc 600, kwa maana nimewaona waliorukia. Daftarini nilibakiza tatu: Yamaha R3, Kawasaki Ninja 400 na KTM RC 390. Zote ziko chini ya kilowati 35, kiwango ambacho nchi za Ulaya zimekiwekea leseni ya A2, yaani ile ya pikipiki za nguvu ya kati, na kwa hiyo kwenye karatasi zinakaribiana mno: R3 ina takriban nguvu ya farasi 42, RC 44 na Ninja 45. Nilipoteza wiki nzima nikilinganisha tarakimu hizo, wala hakuna hata moja iliyonisaidia kuchagua.

Kilichonisaidia ni kukaa juu ya kila moja, injini ikiwa imezimwa, nikiwa nimevaa viatu ambavyo ningeendeshea kweli. Mimi ni mwanamke wa sentimita 160. Kiti cha RC niliyoijaribu kipo milimita 820 kutoka chini, na miguu yangu ilifika kwa ncha za vidole tu. Nilipojaribu kuirudisha nyuma kwenye mteremko mdogo wa gereji, ilibidi fundi aje kuishika. Kiti cha Ninja kipo milimita 785 na cha R3 780. Tofauti hiyo ya sentimita nne haionekani kwenye picha, lakini kwenye foleni ya Barabara ya Magadi, ambako mtu husimama na kuondoka mara mia kabla ya kufika Bomas, ndiyo inayoamua kama utasimama au utalala.

Siwezi kuisema RC vibaya zaidi ya hapo. Breki zake ni kali na kwenye kona inakwenda pale unapotazama. Hata hivyo, injini yake ya cc 373 ina silinda moja, na ukiiacha ipoe mwendo katika gia ya tatu inatikisika kana kwamba inataka kuzima, kwa hiyo mkono wa kushoto haupumziki. Anayetafuta pikipiki ya kujifunzia mbio uwanjani, ningemwelekeza huko bila kusita.

Ninja niliipenda, na sijaacha kuipenda. Ina silinda mbili na cc 399, inavuta kuanzia chini bila kudai gia, na klachi yake ni nyepesi kuliko hata ile ya Boxer yangu. Nilimwomba muuzaji aniruhusu niifikishe hadi mtaani kwangu, ambako wakazi wamejijengea matuta wenyewe kwa saruji, kila mmoja kwa kimo alichokipenda. Kwenye tuta la tatu nilisikia mkwaruzo chini ya miguu. Niliegesha, nikapiga magoti na kupapasa plastiki ya chini: kulikuwa na mchirizi mpya wenye urefu wa kidole, na kando yake mingine mitatu ambayo haikuwa yangu. Tumbo la Ninja limeinuka milimita 140 kutoka barabarani, na la R3 milimita 160. Hapo uamuzi wangu ukawa umefanyika.

Nilinunua R3 ya mwaka 2016, na nilichagua toleo hilo kwa makusudi, kwa sababu mwaka 2019 Yamaha waliushusha usukani kwa milimita 22, jambo linalopendeza machoni lakini linalotwisha viganja vya mikono uzito zaidi. Kabla ya kulipa nilihakikisha kwamba taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukishika breki, inawaka swichi inapofunguliwa na kuzimika pikipiki inapoanza kutembea. Taa isiyowaka kabisa hainipi imani, kwani huenda kuna mtu ameichomoa. R3 ina udhaifu wake. Haina nguvu injini ikiwa chini ya mizunguko elfu sita kwa dakika, kwa hiyo kulipita lori kwenye mlima wa kuelekea Kiserian kunahitaji kushusha gia mbili, na mbele yake huzama ukishika breki kwa nguvu.

Fundi wangu alinishauri nifunge vigingi vya nailoni ubavuni, vya kuikinga plastiki pikipiki ikianguka, kabla ya kitu kingine chochote. "Dada," alisema, "hii plastiki ukiilaza mara moja tu, utalia kuliko siku uliyotoa pesa." Nilimtii, ingawa niliona ananiuzia hofu.

Wiki ya tatu, kwenye kituo cha mafuta, nilishika breki ya mbele huku usukani ukiwa umekunjwa, mwendo wa mtu anayetembea. Kilo 169 zikaenda kushoto, nami nikazifuata polepole. Vijana wawili wa bodaboda waliniinulia, na mmoja akauliza kwa upole, "Madam, hii ni ya mbio ama ya kulala?" Kigingi kilikuwa kimesagika nusu, plastiki ilikuwa nzima, na mkono wa klachi ulikatika ncha. Nilifika nyumbani kwa vidole viwili, na siku iliyofuata nikanunua mikono miwili ya klachi: mmoja wa kufunga, mwingine wa kukaa ndani ya begi.