"Nyuma" ipi? Vitufe vya kupekua kurasa

Mtu yuko ukurasa wa 4 wa orodha ya miamala. Anagusa "Nyuma" akitaka ukurasa wa 3, programu inamtupa skrini ya mwanzo. Neno moja limebebeshwa kazi mbili. "Rudi" liachie kuhama skrini. Ndani ya orodha andika "Ukurasa uliotangulia".

Halafu kuna ngeli. Mtafsiri akipewa "Next" tupu, ataandika "Inayofuata", nalo litafaa picha lakini si swali (linalofuata) wala ukurasa (unaofuata). Kila mahali pawe na maandishi yake kwenye faili la tafsiri. Katika fomu ya hatua nyingi ni rahisi zaidi: "Endelea" na "Rudi" ni vitenzi, havidai upatanisho, na hatua ya mwisho iseme "Tuma".

Urefu nao unasumbua. "Next" ina herufi 4, "Inayofuata" 10, "Iliyotangulia" 13. Kitufe cha upana wa pikseli 80 kitayakata maneno hayo, kwa hiyo upana ufuate maandishi. Kimo kisipungue dp 48 kwenye Android au pt 44 kwenye iOS (dp na pt ni vipimo vya skrini vya mifumo hiyo). Toleo la Kiarabu likija, geuza mishale: huko mbele ni kushoto.

Ukurasa wa kwanza hauna uliotangulia, na wengi hukiondoa kitufe kabisa. Matokeo yake kile kingine huteleza kikachukua nafasi yake, na kidole kinachogusa harakaharaka kikaangukia kisichotaka. Kiache palepale, kififishe. Kwenye wavuti usitumie `disabled`, sifa ya HTML inayozima kitufe: anayetumia kibodi akifika ukurasa wa mwisho, kitufe alichokibonyeza huzimika na yeye hupoteza mahali alipokuwa. Weka `aria-disabled="true"`, inayoviambia visoma skrini kuwa kitufe kimezimwa bila kukizima kweli, kisha mbonyezo upuuzwe kwenye msimbo.

Kosa zito zaidi liko upande wa seva. Orodha inaanza na mipya, 20 kwa ukurasa, nawe unatumia `OFFSET 20`, yaani hifadhidata iruke 20 ya kwanza. Msomaji akiwa bado ukurasa wa kwanza, miamala 3 mipya inaingia; ukurasa wa pili utaanza na mitatu aliyokwisha kuiona. Anza pale alipoishia, tuseme muamala wa mwisho aliouona una `id` (namba yake) 481:

`WHERE id < 481 ORDER BY id DESC LIMIT 21`

Onyesha 20. Ule wa 21 ni wa kukuambia tu kama kuna ukurasa mwingine, bila kuhesabu jedwali zima. Weka `?kabla=481` kwenye anwani kwa `pushState`, amri ya JavaScript inayoongeza anwani kwenye historia ya kivinjari, ili kitufe cha kurudi cha kivinjari kisimtoe mtu nje ya orodha.

Kwenda ukurasa uliotangulia, tumia `id >` ya muamala wa juu kabisa pamoja na `ASC` (mpangilio wa kupanda), kisha yapindue matokeo kabla ya kuyaonyesha. Ukisahau kuyapindua, ukurasa utasomeka kutoka chini kwenda juu. Huwezi kuruka hadi ukurasa wa 57 kwa njia hii, ila kwa miamala sioni nani angetaka.